Ububu wa Shahidi: Vitisho vya Vita katika Filamu ya Camp de Thiaroye

Aghalabu filamu za vita humtisha mtazamaji kwa mizinga, moto na damu. Camp de Thiaroye, filamu iliyoongozwa na Ousmane Sembène pamoja na Thierno Faty Sow na kutolewa mwaka 1988, inafuata njia nyingine. Mashambulizi yenyewe huchukua sehemu ndogo tu ya filamu hii inayozidi saa 2. Kitisho chake kikuu kimewekwa ndani ya mtu asiyeweza kusema.

Msingi wa kisa ni tukio la kihistoria. Mwishoni mwa mwaka 1944, askari wa Kiafrika waliokuwa wameipigania Ufaransa na kutekwa na Wajerumani walisafirishwa kwa meli hadi Senegal, wakawekwa katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar. Huko walidai malimbikizo ya mishahara yao. Tarehe 1 Desemba, jeshi lile lile walilolitumikia liliwafyatulia risasi. Taarifa rasmi ya wakati huo ilitaja vifo 35. Wanahistoria kadhaa wanaiona idadi hiyo kuwa ndogo mno. Sembène naye alikuwa askari wa jeshi la Ufaransa katika vita hivyo.

Miongoni mwa wahusika yumo Pays, ambaye jina lake kwa Kifaransa lina maana ya ‘nchi’. Alifungwa Buchenwald, na mateso ya huko yakamwachia ububu. Kichwani huvaa kofia ya chuma ya Kijerumani. Anapofika Thiaroye anaigusa seng’enge ya kambi. Mara picha nyeusi na nyeupe za kambi ya Wajerumani zinazikatiza zile za rangi. Ukatizaji huo haufafanuliwi kwa maneno. Hata hivyo, mtazamaji anafahamu kwamba kwa Pays seng’enge ni ile ile, mwenye kuifunga awe Mjerumani au Mfaransa.

Mbinu hiyo inauandaa usiku wa mwisho. Pays, akiwa katika mnara wa ulinzi, anaviona vifaru vikisogea gizani. Anawaamsha wenzake, anaguna, anaashiria kwa mikono. Wao wanadhani kwamba anasumbuliwa na kumbukumbu za Buchenwald, wanarudi kulala. Mtazamaji ameviona vifaru pamoja na Pays, wala hana njia ya kuwaonya waliolala. Kambi inaposhambuliwa, yeye hashtuki kwa kutojua, bali anaumia kwa kuwa alijua.

Yafaa wanalugha walizingatie jambo hili. Askari hao walitoka katika makoloni mbalimbali, na katika filamu wengi wao huzungumza Kifaransa cha jeshini, kilichopunguzwa sarufi. Sajini Diatta, kwa upande wake, anazungumza Kifaransa fasaha pamoja na Kiingereza, naye huwatetea wenzake kwa hoja mbele ya maofisa. Ufasaha wake hauwaokoi. Ushahidi ulio sahihi kupita wote unatoka kwa yule asiye na neno hata moja, na kwa sababu hiyo hausadikiwi.

Filamu inamalizika kwa maziko, na askari wapya wakipanda meli kwenda Ulaya. Ilikuwa Novemba 2024 ndipo Rais Emmanuel Macron alipokiri, katika barua kwa Rais wa Senegal, kwamba yaliyotendeka Thiaroye yalikuwa mauaji ya umati. Kwa miaka 36 kabla ya barua hiyo, watazamaji wa filamu hii walikuwa wamekwisha kuyaona.