Dawa kinga ya VVU: msichana anauliza kwanza itatolewa wapi

Msikilizaji, tukigusia dawa kinga hewani, maswali ya wasichana huwa hayahusu kama inafanya kazi. Wanauliza nani atawaona wakiichukua.

Dawa kinga, ambayo wahudumu wa afya huiita PrEP, ni kidonge cha ARV anachomeza kila siku mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri wapewe wote walio katika hatari kubwa. Ukimeza inavyotakiwa, inakinga vizuri. Kazi iko hapo kwenye kumeza. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kati ya waliopewa dawa halisi, damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 ndio walioonekana kuwa wamemeza siku za karibuni.

Huku kwetu sababu hazihitaji mtaalamu. Kopo la dawa kinga linafanana na la anayetumia ARV kwa matibabu, na vidonge vinalia ndani ya pochi. Mama mkwe akilikuta chini ya godoro, hatasubiri maelezo. Ukienda kuichukulia CTC, jirani akikuona kwenye benchi ameshatoa hukumu. Na binti anayeuza chakula machimboni, Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, huhama na wachimbaji. Rashi ikitokea kwingine, tarehe ya kliniki inamkuta mbali.

Ndiyo maana mahali pa kutolea huduma si jambo dogo. Mwaka 2019 mkoani Shinyanga lilifanyika jaribio la Malkia Klabu katika maduka 20 ya dawa muhimu (DLDM). Baadhi ya maduka yaliwapa wasichana wa miaka 15 hadi 24 kadi ya uanachama, zawadi ndogondogo na vipimo vya kujipima VVU bure, na mtu aliweza kuomba kitu kwa kuonyesha alama badala ya kukitaja mbele ya wateja. Maduka hayo yalipata wasichana wengi kuliko yasiyo na klabu. Haikuwa dawa kinga, lakini kwetu jibu liko wazi: wanakwenda pale wasipoulizwa maswali ya kuaibisha.

Kuna pia sindano. Ya lenacapavir huchomwa mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotangazwa 2024, hakuna hata mmoja kati ya wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa aliyeambukizwa. Hakuna kopo la kuficha. Kabla ya kupanda bodaboda kuifuata, uliza kituo chako kama ipo.

Kwa anayetaka kuanza: utapimwa VVU kwanza, na tangu 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Kwa mwanamke kidonge kinahitaji angalau siku 7 mfululizo kabla ya kukinga. Kichefuchefu cha wiki za mwanzo kwa kawaida hupita. Mimba, kaswende na kisonono hakizuii, kwa hiyo kondomu bado inahitajika. Unahama? Mwambie mhudumu mapema, uombe dawa za kutosha safari. Na kama hatari imeshatokea, hiyo ni huduma nyingine, PEP: wahi kituo ndani ya saa 72, utapewa dawa za siku 28.