Ugwe Mgongo

Pale kivukoni Feri, abiria akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kuelekea Likoni, wenzake husema ameumia uti wa mgongo. Lakini uti ni pingili za mifupa. Ndani yake hupita ugwe mgongo, fungu la neva linalopeleka amri za ubongo miguuni na mikononi. Ugwe ni uzi uliosokotwa, na neno hili linafaa: mara nyingi jeraha huharibu baadhi ya nyuzi, nyingine zikasalia.

Matumaini yamo katika zilizosalia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watu 19 ambao ugwe wao uliharibika kwa sehemu tu walivuta hewa yenye oksijeni asilimia 9 kwa sekunde 90, kisha ya kawaida, yenye asilimia 21, kwa sekunde 60. Mara 15 kwa siku, siku tano. Walitembea kwa kasi zaidi, na waliochanganya tiba hiyo na mazoezi ya kutembea walifika mbali zaidi. Upungufu huo mfupi wa oksijeni huamsha kemikali zinazoimarisha njia za neva. Hii ni kazi ya wataalamu. Mtu asijaribu nyumbani.

Tuseme ugwe mgongo, ili jamaa za mgonjwa wafahamu kwamba mifupa ikishaunga, neva bado zinadai tiba yake.