Matege ya Hayawahusu

Nimeadimika, wandugu, mniwie radhi. Kazi zilikuwa nyingi, na nyumbani tulikuwa na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ana miguu minne. Anaitwa Hayawahusu, jina alilopewa na mama siku alipoletwa, kwa ajili ya majirani waliotaka kujua tumepata wapi fedha za kununua mbwa wa Kijerumani wakati paa la jiko linavuja.

Alikuja akiwa na wiki nane, mweusi mgongoni, masikio bado yamelala. Tukaapa kumlea kiasili ili awe jitu la kulinda geti. Kiasili kwetu ilikuwa na maana hii: ugali wa dona na dagaa hadi aache mwenyewe, maziwa asubuhi, mifupa ya buchani, na juu yake kijiko cha unga wa mifupa, ule wanaochanganyia chakula cha kuku. Mjomba akaongeza vidonge vya kalsiamu. Asubuhi mama alimtoa juani kama anavyotolewa mtoto mchanga.

Akanenepa, tukafurahi. Alipofika miezi minne miguu ya mbele ikaanza kupinda, vidole vikatazama nje. Akawa analia akiinuka. Matege!

Daktari wa mifugo alimpapasa akitafuta mbavu, hakuziona. “Kaka, mnamlisha nini huyu?” Nikamtajia yote kwa fahari. Akanitazama. “Kwani mnamnenepesha mumuuze kwa kilo? Kuanzia leo toeni unga wa mifupa, toeni vidonge, na chakula mpime.”

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Mifupa imepinda, halafu tunaondoa dawa ya mifupa? Mwandishi wa habari akichanganyikiwa huenda kusoma. Nikasoma usiku kucha, na nikakuta historia ambayo sikuitegemea kabisa.

Kwa karne nyingi mbwa alikula alichobakiza binadamu. Biashara ya chakula chake ilianza London miaka ya 1860, pale Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa zenye ngano, mboga na nyama. Kijana mmoja aliyeajiriwa na kampuni hiyo, Charles Cruft, ndiye aliyekuja kuanzisha maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1891. Katika maonyesho kama hayo mbwa mwenye umbo kubwa alipata jukwaa na bei, na mwenye mbwa akapata sababu ya kutaka akue upesi.

Lakini habari ya matege inaanzia kwa binadamu. Watoto wa maskini katika miji ya viwanda ya Uingereza walikuwa wakipinda miguu kwa wingi, na madaktari walibishana: ni hewa chafu, ni kukosa mazoezi, au ni chakula? Daktari Edward Mellanby aliamua kuwatumia watoto wa mbwa. Aliwafungia ndani na kuwalisha uji wa oti, chakula kilichozoeleka sana Scotland ambako matege yalikuwa mengi. Miguu ikapinda. Akawapa mafuta ya ini la samaki, wakapona. Mwaka 1919 alitangaza kwamba tatizo ni chakula. Muda mfupi baadaye, Marekani, Elmer McCollum na wenzake walionyesha kwamba ndani ya mafuta yale kuna kitu tofauti na vitamini A, na kikaitwa vitamini D.

Fikirieni hilo. Mtoto wa binadamu anatembea na miguu iliyonyooka kwa sababu kuna watoto wa mbwa waliopindishwa miguu makusudi katika chumba kimoja London. Sisi tunaosema “mbwa tu” tuna deni hapo.

Ushindi ule ukaacha somo moja kichwani mwa kila mfugaji: mguu ukipinda, ongeza. Ongeza kalsiamu, ongeza maziwa, ongeza chakula. Kadiri mbwa alivyokuwa mkubwa, ndivyo walivyoongeza. Mjomba wangu hajawahi kumsikia Mellanby, lakini vidonge vyake vilitoka katika fikra hiyo hiyo.

Mwaka 1974 ndipo gari lilipogeuzwa. Åke Hedhammar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua watoto wa Great Dane, mbwa warefu kama ndama. Kundi moja lilikula litakavyo. La pili lilipewa theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Walioshiba walikua haraka, wakapendeza, kisha viungo vyao vikaanza kuharibika. Waliopunguziwa walikua polepole, na mifupa yao ilikuwa na hali nzuri zaidi.

Mwaka 1985, Herman Hazewinkel wa Utrecht, Uholanzi, aliichambua kalsiamu yenyewe, tena kwa Great Dane. Kumbe mtoto mdogo wa mbwa hana mlango imara wa kuizuia. Mbwa mkubwa akipewa nyingi, utumbo wake hupunguza kinachoingia. Mtoto hupokea kingi kuliko anachohitaji, na zile sehemu za mfupa zinazokua huvurugika. Mguu unapinda. Ukiutazama kwa macho unaweza kudhani ni matege ya Mellanby, kumbe chanzo ni kinyume chake! Wale walikosa, wetu alizidishiwa. Na dagaa tunaotafuna na mifupa yake tayari ni ghala la kalsiamu kabla hujagusa kopo la unga.

Hata jua la asubuhi halikumsaidia sana. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha kama yetu. Utafiti wa Utrecht wa mwaka 1994 ulilionyesha hilo. Lazima aipate katika chakula.

Isieleweke kwamba kalsiamu ni sumu. Anayemlisha mtoto wa mbwa nyama tupu, bila mfupa wala chochote, naye anamuumiza, maana nyama ina kalsiamu kidogo mno na mifupa hudhoofika. Mwili unataka kiasi. Tangu 2016 viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa chakula cha mifugo, vimeweka kikomo cha kalsiamu cha asilimia 1.8 ya chakula kikavu kwa watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 na zaidi.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti uliotangazwa mwaka 2002. Labrador 48 walipangwa wawili wawili tangu wiki ya nane. Mmoja alilishwa kawaida, mwenzake alipewa robo pungufu, maisha yao yote. Umri wa kati wa wale wa kawaida ulikuwa miaka 11.2, na wa waliopunguziwa 13.0. Maumivu ya viungo nayo yalichelewa. Karibu miaka miwili ya kuishi, kwa kupunguza tu bakuli.

Nikamsomea mama. Akanyamaza kidogo, akasema, “Kwa hiyo tulikuwa tunampenda vibaya.” Sikuwa na jibu.

Tulitii. Kwa miezi kadhaa alikula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, kinachopimwa kwenye mizani, hadi mbavu zikawa zinashikika chini ya mkono bila kuonekana kwa macho. Tulimzuia kuruka ngazi, tukamwacha acheze kwenye udongo na apumzike anapotaka. Majirani wakaanza kusema tumefilisika, mbwa amekonda. Jina lake likawajibu.

Leo ana miaka miwili na kilo 34. Anakimbia vizuri. Mguu wa kushoto umenyooka, wa kulia bado unatazama nje kidogo, na daktari ameniambia utabaki hivyo. Kila anapokuja kunipokea getini, huo ndio ninaouona kwanza.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilidhani kiasili ni kumjaza vitu vya asili. Sasa naona asili ilikuwa imeshampangia muda wake, sisi ndio tuliokuwa na haraka.

Haya, wenye mbwa wakubwa, semeni. Ninyi wenzangu mnawalisha nini?