Karatasi ya Msafiri na Mdhamini Wake

Ewe msomaji, naanza insha hii kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mwalimu mgeni kazini, mvua ya masika ilininyea nikivuka kivuko cha Likoni, na pasipoti yangu ilikuwa katika mfuko wa shati. Niliianika juani, nikaibana baina ya vitabu viwili vizito, nikaitia sandukuni na kuisahau. Mwezi mmoja baadaye ilikuja habari ya msiba: mjomba wangu amefariki katika nchi jirani. Nilipanda basi usiku ule ule. Nilipofika mpakani ofisa akafungua kitabu changu. Kurasa zilikuwa zimevimba, wino wa ukurasa wa picha umetambaa, na mistari miwili ya herufi iliyo chini ya picha imechujuka. Nilimtolea kitambulisho changu, nikamwonyesha barua ya chuo, nikamweleza msiba. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, wewe nakuamini. Lakini kitabu chako hakiniambii kitu." Nilirudishwa. Mjomba alizikwa alasiri ile, mimi nikiwa ndani ya basi narudi Mombasa.

Njiani nilikuwa na hasira, na hasira ilipopoa nikabaki na swali. Iweje mtu aaminiwe na bado asipite? Nilitafuta jibu katika historia ya mji wangu, nami nataka kukuonyesha nililolipata: karatasi ya safari haikuandikwa ili kueleza tu wewe ni nani. Iliandikwa ili kueleza ni nani anayesimama nyuma yako. Ikiharibika, sauti ya mdhamini wako haisikiki tena, hata kama uso wako unajulikana.

Twende kwanza katika siku za kabla ya pasipoti. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alipita pwani yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea na safari yake mpaka Kilwa. Kabla ya hapo alikuwa amefika Mogadishu, naye ameeleza desturi aliyoiona huko. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji waliingia katika mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula, wakaenda kukilaki. Kila kijana alimpa chakula mfanyabiashara mmoja na kusema kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa na mgeni wakati mwenyeji wake hayupo ilihesabiwa kuwa batili. Tazama, basi: mdhamini wa msafiri alikuwa mtu, mwenye jina na nyumba, na mji wote ulijua amtafute nani ikiwa mgeni amekosa au amekosewa.

Sasa fuatana nami katika Mji wa Kale. Ukianzia Fort Jesus na kuifuata Ndia Kuu, utafika penye Bandari ya Kale, mahali ambapo kwa karne nyingi majahazi yaliingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya mji huu, na haukupita muda mrefu Wareno walianza kudai kuwa Bahari ya Hindi ni yao. Walitoa amri kwamba chombo cha biashara kisisafiri bila hati iliyotolewa na wakuu wao. Hati hiyo ilitaja jina la chombo na la nahodha, bandari alikotoka na alikokwenda, pamoja na bidhaa asizoruhusiwa kupakia. Nahodha aliyekutwa hana hati, au aliyekutwa na shehena isiyolingana na maandishi, aliweza kunyang'anywa chombo na mali, na mara nyingine hata roho yake.

Wareno waliiita hati hiyo *cartaz*. Litamke neno hilo polepole, nawe utalitambua. Ni ndugu wa neno letu "karatasi". Yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu *qirtas*. Hivyo karatasi ya kwanza ya safari iliyotawala bahari yetu ilikuwa na jina ambalo mtoto wa Mvita aliweza kulielewa, ingawa hakuwa na sauti katika kuiandika. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, wapate kuulinda utawala wao. Lakini dhamana yao ilikuwa na ila kubwa. Aliyemwahidi nahodha usalama ndiye yule yule aliyetishia kumteka akikosa karatasi. Ngome hiyo ilianguka mikononi mwa Waomani mwezi wa Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, na katika pwani hii nguvu ya karatasi ya Wareno ikavunjika pamoja nayo.

Karne ya 19 ilileta hila mpya. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na manowari za Waingereza zikawa zinasimamisha majahazi na kuyapekua. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Baadhi ya manahodha wa Sur, katika Omani, waliliona jambo hilo wakapata hati na bendera za Kifaransa. Wengine walikuwa wafanyabiashara wa halali waliochoka kusumbuliwa; wengine walificha watumwa chini ya bendera hiyo. Watu waliozaliwa raia wa Sultani wa Maskati wakawa, kwa karatasi, chini ya himaya ya Ufaransa.

Shauri hilo lilizua ugomvi baina ya Uingereza na Ufaransa, likapelekwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa huko The Hague, nao wakatoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Waliamua kuwa baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani bendera yake, ila wale waliokuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Waliamua pia kuwa ruhusa hiyo haiwezi kuhamishwa kutoka mtu hadi mtu, wala kutoka jahazi hadi jahazi, hata kama majahazi yote mawili ni ya mtu mmoja. Kanuni hiyo ungali ukiiona leo: dhamana ya safari haikopeshwi, haiuzwi wala hairithiwi.

Usidhani kuwa kila karatasi anayoichukua mtu ina mdhamini. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya, wenye umri wa miaka 16 na zaidi, kuchukua kipande. Kilikuwa na alama za vidole na habari za kazi ya mwenyewe, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwenye kukutwa bila kipande alishitakiwa. Kwa umbo kilifanana na hati ya safari, lakini hakikumwombea mwenyewe njia mahali popote. Kilimfunga kwa mwajiri wake. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, baada ya malalamiko ya miaka mingi.

Kisha uhuru ukaja, tarehe 12 Desemba 1963, na swali la mdhamini likawa la kila nyumba. Katika mitaa ya Mombasa waliishi watu wengi wenye asili ya Bara Hindi. Wale ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa muda wa miaka miwili kuomba uraia wa Kenya. Wengi waliomba, wengi wengine walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini kuwa kitabu chenye nembo ya taji hakitawaangusha. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya kuwataka wasio raia wapate vibali vya kazi, na watu wakaanza kusafiri kwenda Uingereza kwa maelfu. Hapo Bunge la Uingereza lilipitisha, kwa siku chache tu, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Kwa sheria hiyo, mwenye pasipoti ya Uingereza hakuwa na haki ya kuingia Uingereza ikiwa yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake hakuzaliwa huko wala hakupata uraia huko. Vyeti vya kuingia viliwekwa 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa jamaa.

Fikiri, msomaji. Pasipoti hizo hazikunyeshewa wala hazikuchanika. Jalada lake lilikuwa safi na picha zake wazi. Hata hivyo watu walirudishwa kutoka kiwanja hiki cha ndege hadi kile, kwa kuwa mdhamini aliyeandikwa katika ukurasa wa kwanza alikuwa amelikana neno lake. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa maoni kuwa baadhi ya watu hao walitendewa kwa namna ya kudhalilisha utu, kwa sababu ya rangi yao. Hasara yangu ya mpakani ilikuwa ya maji. Hasara yao ilikuwa ya ahadi.

Turudi sasa kwenye mistari miwili iliyochujuka katika kitabu changu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililozaliwa kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ndilo linaloweka kanuni za umbo la pasipoti. Kila mstari kati ya hiyo miwili una nafasi 44 za herufi na tarakimu, na ndani yake zimo tarakimu za kukagua nyingine. Mtambo huzidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha huanza tena kwa 7. Hujumlisha majibu na kugawanya kwa 10; kinachobaki ndicho tarakimu ya ukaguzi. Chukua namba 520: 35 na 6 na 0 ni 41, baki ni 1. Maji yakiifanya 2 isomeke kama 7, jumla ni 56, na baki ni 6. Hesabu imekataa, na mtambo haujui kama aliyefanya hivyo ni mvua au ni mghushi. Kenya ilianza kutoa pasipoti za elektroniki tarehe 1 Septemba 2017, zenye kijisahani cha habari ndani yake. Hicho nacho kikivunjika, mtambo hauwezi kusoma habari zilizomo ndani yake.

Kwa hiyo, kitabu chako kikiingia maji, kikichanika au kikilegea kurasa, usikigundishe kwa gundi wala usikiandike upya. Kitengenezo cha nyumbani hufanana sana na kazi ya mghushi. Kipeleke mapema kwa wenye kukitoa ukaombe kingine. Ikitokea ukiwa ugenini, nenda kwenye ubalozi wa nchi yako, ambako huweza kutolewa hati ya dharura. Na mbele ya ofisa sema kweli tangu mwanzo. Usimwachie aigundue ila mwenyewe. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uraia ni mali kubwa.

Wapo jirani zetu walioijua thamani yake kwa kuikosa. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya kwa vizazi bila vitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai watambuliwe, na serikali ikaanza kuwaandikisha. Wapemba wa pwani yetu walitambuliwa mwaka 2023. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 12, humpa kila raia haki ya kupata pasipoti; lakini kabla ya siku hizo mzee wa Kimakonde hakuwa hata na karatasi ya kuharibika.

Baadhi yenu mnaosoma insha hii mtakaa siku moja upande wa pili wa meza, na muhuri mkononi. Mtawajibika kuwazuia watu ambao vitabu vyao havisemi kitu, kama mimi nilivyozuiwa, na sitawalaumu. Yule ofisa alifanya wajibu wake, nami nilikuwa nimeuzembea wangu. Lakini baada ya kunikatalia aliniita kando, akanionyesha basi la kurudi na kunipa maji ya kunywa. Nalikumbuka hilo kila nifundishapo habari za mwenyeji wa kale, aliyekwenda chomboni na sahani ya chakula kabla ya kumwuliza mgeni jina lake.