Jeep: jina la askari lililogeuka mali ya kampuni

Septemba 23, 2025 ilitimia miaka 85 tangu gari dogo lisilo na milango liingie kambi ya jeshi ya Holabird, Maryland, Marekani. Liliendeshwa kutoka Butler, Pennsylvania, likafika nusu saa kabla ya muda wa mkataba kwisha. Walioliunda walikuwa mafundi wa kampuni ya American Bantam. Gari la namna hiyo leo watu huliita Jeep, na wengi wanaolitamka jina hilo hawajawahi kuisikia Bantam.

Julai 1940 jeshi lilikuwa limeziandikia kampuni 135 likitaka gari jepesi la upelelezi, na mfano wake uwe tayari ndani ya siku 49. Mhandisi Karl Probst aliichora michoro ya Bantam kwa siku chache. Wakuu wa jeshi, wakihofia kwamba kiwanda cha Butler ni kidogo mno, wakawafungulia Willys-Overland na Ford mlango wa kuikagua kazi hiyo. Willys walikuja na injini yenye nguvu zaidi, wakachukua zabuni kubwa, na Ford wakaongezwa. Kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, magari zaidi ya 600,000 yalikuwa yametengenezwa. Ya Bantam hayakufika hata 3,000; wao waliachiwa kuunda trela.

Jina nalo halikuwa la kampuni yoyote. Askari wa Marekani walilitumia kabla ya vita kwa kuruta na kwa gari lolote jipya lililokuwa bado linajaribiwa. Mwaka 1936 mchoraji E.C. Segar aliingiza kwenye katuni za Popeye kiumbe wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep. Wapo wanaoitafuta asili yake katika herufi GP za gari la Ford, na ubishi huo haujaisha. Mwanzoni mwa 1941 Willys walipandisha gari lao ngazi za jengo la Bunge mjini Washington. Dereva alipoulizwa ni gari gani, alijibu kuwa ni jeep, na habari ya Katharine Hillyer katika Washington Daily News ikalitangaza jina hilo.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 1943 Willys waliomba kulisajili neno hilo kuwa alama yao ya biashara, huku matangazo yao yakijinadi kwamba gari ni ubunifu wao. Mwaka huohuo Tume ya Biashara ya Marekani iliwafungulia mashtaka. Kesi ilidumu miaka mitano. Mwaka 1948 Tume iliwaamuru Willys waache kudai kwamba ndio waliolibuni gari hilo. Hata hivyo, mwaka 1950 usajili ukakubaliwa: serikali ileile iliyomkatalia Willys kujiita baba ikamkabidhi jina la mtoto. Mimi naiona dhuluma kubwa hapo, maana Bantam hawakushindwa kubuni, walishindwa ukubwa.

Baadaye jina lilihamia kwa Kaiser, kisha AMC, kisha Chrysler, na sasa liko Stellantis.

Kwa waandishi wa Kiingereza, kesi ya Tume na Willys imebaki katika herufi moja. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP unataka gari la kijeshi liandikwe kwa herufi ndogo, na lile la dukani kwa herufi kubwa. Wengi hawauzingatii, huandika herufi kubwa kote, na Stellantis haina sababu ya kulalamika. Hata sisi tunaoita bajaji kila chombo cha magurudumu matatu, hata kikiwa TVS, tunajua jinsi jina la kiwanda linavyoingia midomoni. Lakini la Jeep lilikwenda kinyume, likatoka midomoni mwa askari likaingia kiwandani. Butler wanajaribu kurudisha heshima yao kwa tamasha la kila Juni, na wanastahili kusikilizwa. Mhariri anayeandika herufi kubwa katika habari ya gari la 1940 anawapa Willys sifa ambayo Tume iliwanyima.