Kuni, Ngitili na Sanduku Letu

Tumeombwa tuandike historia ya kikundi chetu kwa kutimiza miaka kumi. Tulipokaa kuikumbuka tukaona hatuwezi kuanzia siku ile ya 2015 tuliponunua sanduku. Inabidi tuanzie kwenye kuni.

Wengi wetu tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya sabini tuliikuta Shinyanga iko wazi. Wazee walituambia misitu ilikatwa enzi za Mwingereza ili kuwamaliza mbung'o, halafu mashamba ya pamba yakaongezeka na mifugo nayo ikaongezeka. Zamani Msukuma alikuwa na ngitili, yaani malisho aliyoyafunga mvua zikianza, asichunge humo mpaka kiangazi kikali. Watu walipohamishiwa vijijini miaka hiyo ya sabini, ngitili nyingi ziliachwa mbali bila wa kuzitazama. Sisi wasichana tulitoka alfajiri kutafuta kuni tukarudi jua la utosi, na mzigo wenyewe kidogo tu. Siku nyingine mama alipikia mabua ya pamba au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake, aliyeuvuta anaujua.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Miche ya vitaluni ilipandwa, lakini kilichofaulu zaidi ni kuzirudisha ngitili za wazee: eneo linafungwa, na visiki vilivyo ardhini vinachipua vyenyewe. Dagashida, ndilo baraza letu la jadi, likaweka sheria, sungusungu wakalinda. Mwaka ule ngitili zilikadiriwa kubaki hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, kwa mkoa mzima wa wakati ule, pamoja na Maswa, Meatu na Bariadi ambazo tangu 2012 ziko Simiyu. Migunga ikarudi, na nyasi za kuezekea, na uyoga. Mradi ulimalizika 2004, ngitili zikabaki mikononi mwetu.

Tuseme kweli, mikononi mwetu maana yake mikononi mwa wanaume. Ngitili ni ya baba, au ya ukoo, au ya kijiji ambacho vikao vyake akina mama tulikaa nyuma. Mwenye kupika ni sisi, ila kuni tunaziombea ruhusa.

Basi tukaanza na sanduku, kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu tofauti. Tulinunua hisa kila wiki, na fedha kidogo tukaweka mfuko wa jamii kwa misiba na maradhi. Mikopo ya mwanzo ilikwenda kwenye mchele, vitenge, kuku. Halafu ikaingia biashara ya mkaa. Mkaa unatoka haraka na marejesho yanakuja kwa wakati, kwa hiyo hatukuuliza unachomwa wapi.

Mwaka wa tatu sungusungu wakamkamata mwenzetu mmoja na magunia yake. Miti ilikuwa ya ngitili ya kijiji. Alitozwa faini, na mkopo wetu alikuwa bado nao. Kikao cha siku hiyo kilikuwa kigumu kuliko vyote vya miaka kumi. Wengine walisema afukuzwe. Mmoja akasimama akauliza, "Fedha alizonunulia ile miti zilitoka wapi, si humu sandukuni?" Tukanyamaza. Tukaamua alipe polepole bila riba, na tangu hapo hakuna mkopo wa mkaa. Wanachama wanne walituacha kwa ajili ya sheria hiyo, na mzunguko ule mgao ulikuwa mdogo. Hatukuficha, hesabu ilisomwa mbele ya wote.

Baadaye tukajaribu kitalu kwa fedha za mfuko wa jamii. Mbuzi wakala nusu, kiangazi kikamaliza iliyobaki. Bibi mmoja, si mwanachama, alitucheka sana: mnamwagilia maji miti ya dukani na visiki mnavikanyaga!

Tukaandika barua serikali ya kijiji tuombe eneo la kufunga wenyewe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka kumi na nane kwa pamoja, tukakaa nje ya ofisi hadi saa tisa. Tulipewa ekari mbili, upande wa mawe ambao hakuna aliyeutaka. Tumezifunga mvua ya tatu sasa. Migunga imefika kiunoni, na mwaka huu tumekata nyasi za kuezekea banda la mikutano, hilo mnalokaa leo.