Kitabu cha Stempu na Dola za Nyota

Stempu ikishapigwa muhuri na barua ikishasomwa, kazi yake imekwisha. Haiwezi kupeleka barua ya pili, wala hapana duka litakaloipokea badala ya fedha. Pamoja na hayo, tangu stempu za kwanza zilipotolewa Uingereza mwaka 1840, wako watu ambao kwao kijikaratasi hicho huanza kuwa na thamani siku ile ile kinapokwisha kazi. Hukiloweka majini kikabanduka, hukianika, kisha hukipanga kitabuni pamoja na wenziwe. Unguja, juu ya udogo wake, imekuwa na sehemu kubwa katika mapenzi hayo. Na katika Unguja hiyo alizaliwa mkusanyaji mmoja ambaye sauti yake baadaye ilisikika katika hadithi za nyota zilizoenea ulimwenguni. Ukusanyaji na hadithi za kubuni za sayansi ni mambo mawili ambayo mara nyingi hukaa nyumba moja, na maisha ya mtu huyo yaonyesha kwa nini.

Mwaka 1895, posta ya Zanzibar ilipotoka mikononi mwa Serikali ya India, stempu za nchi zilikuwa bado hazijachapwa. Zilichukuliwa stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria, zikapigwa chapa juu yake jina la Zanzibar. Kazi ya haraka haikosi kasoro: katika baadhi yake jina lilitoka "Zanzidar". Mwenye kutuma barua pengine hakuliona kosa hilo, lakini wakusanyaji wa Ulaya waliliona mara moja, wakazigombania, na walaghai nao wakaanza kuzighushi. Mwaka uliofuata zilitoka stempu zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, na yeye mwenyewe akafariki mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Tangu hapo kila aliyekalia kiti alionekana katika stempu zake, mpaka enzi ndefu ya Sayyid Khalifa bin Harub, iliyoanza 1911 ikaisha 1960.

Katika enzi hiyo, tarehe 5 Septemba 1946, alizaliwa mjini Unguja Farrokh Bulsara, mwana wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarat. Baba alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu, naye alikuwa mpenzi wa stempu; mwana aliyapata mapenzi hayo nyumbani kama wengine wapatavyo mapenzi ya mpira au ya ngalawa. Alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi alipelekwa Panchgani, India, katika shule ya bweni ya St Peter's. Kitabu chake cha stempu ni cha miaka hiyo, alipokuwa baina ya miaka tisa na kumi na miwili. Zimo stempu za Zanzibar, na za nchi nyingine zilizokuwa chini ya Mwingereza, na za Monaco, na za Ulaya ya Mashariki.

Jambo la kutazamwa katika kitabu hicho ni mpango wake. Mkusanyaji aliyefundwa hupanga kwa nchi, kwa mwaka na kwa bei, na nafasi ya stempu iliyokosekana huiacha wazi mpaka aipate. Mtoto huyu alipanga kwa macho. Katika kurasa zake rangi hujibu rangi, na upande wa kulia huwa sawa na wa kushoto, mfano wa mtu atandikaye mkeka akitaka miraba yake ikutane. Mfanya biashara ya stempu angetikisa kichwa. Lakini huo ndio ukusanyaji katika asili yake: mtu kukitazama kitu mpaka akione kile ambacho aliyekitengeneza hakukikusudia.

Wakati mtoto huyo alipokuwa masomoni, nyota zenyewe zilisogea karibu na Unguja. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilipatana kujenga Tunguu kituo cha kufuatia vyombo vya angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Tunguu ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye, akitoka kupita juu ya Kano na kuelekea Bahari ya Hindi. Si wote waliofurahi. Wengi waliona kuwa hicho ni kituo cha kijeshi kilichovikwa joho la elimu, na kwamba siku ya vita bomu la kwanza litaangukia mashamba ya mikarafuu. Palikuwa na malalamiko na maandamano. Wala si haki kuwacheka watu hao leo. Katika miaka ile roketi iliyompeleka mtu angani na roketi iliyobeba bomu zilikuwa za ukoo mmoja, na roketi iliyomrusha Glenn, Atlas, ilitengenezwa kwanza kuwa silaha. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 Serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwezi wa Aprili kilikuwa kimefungwa. Mwaka huo huo jamaa ya Bulsara nao waliondoka, wakaenda kukaa Feltham, pembezoni mwa London.

Mpango ule wa Wamarekani uliitwa Mercury. Miaka sita baadaye kijana wa Feltham, akiwa sasa mwimbaji wa kundi la Queen, alijichagulia jina la Freddie Mercury. Ni sadfa tu, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kujenga nyumba juu yake. Lakini zipo sadfa ambazo ni uchoyo kutozitaja.

Katika kundi hilo hakuwa peke yake katika kupenda mambo haya. Brian May, mpiga gita, alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota, akaja kupata udaktari wake mwaka 2007 kwa utafiti juu ya vumbi lililo baina ya sayari. Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuwa msomaji wa hadithi za kubuni za sayansi, na alikuwa na toleo la Oktoba 1953 la jarida la Kimarekani la Astounding Science Fiction. Juu ya jalada lake Frank Kelly Freas alichora roboti mkubwa mwenye uso wa huzuni, amemshika mtu aliyekufa kiganjani kama mtoto aliyevunja kichezeo asichojua kukitengeneza. Taylor aliwaonyesha wenzake picha hiyo, Freas akatafutwa, akaichora upya, na safari hii walio mikononi mwa roboti ni wanamuziki wanne wa Queen. Ndiyo iliyokuwa jalada la sahani yao ya News of the World ya mwaka 1977. Jarida la namna hiyo lilichapwa kwa karatasi duni, lisomwe katika gari la moshi na kutupwa. Lingetupwa, picha ile isingezaliwa mara ya pili.

Mwaka huo wa 1977 ndio uliogeuza biashara ya hadithi za nyota, na hapana budi kurudi nyuma kidogo ili igeuzo hilo lifahamike. Flash Gordon, shujaa wa katuni za Alex Raymond, alianza kutokea magazetini Marekani tarehe 7 Januari 1934. Miaka miwili baadaye alitiwa katika sinema ya mfululizo yenye sehemu 13, kila sehemu ikimwacha shujaa ukingoni mwa mauti ili watu warudi juma lijalo. Mwenzake na mshindani wake, Buck Rogers, tayari alikuwa na bastola yake ya bandia, iliyotolewa 1934 na kiwanda cha Daisy, nayo watoto waliigombania. Katika siku hizo kichezeo kilifuata hadithi: watoto walimpenda shujaa kwanza, ndipo wakaitaka bastola yake. George Lucas, aliyezipenda sinema hizo za mfululizo tangu utotoni, alitaka kumtengeneza Flash Gordon upya, akanyimwa haki zake. Basi akabuni Star Wars. Alikubali ujira mdogo wa kuongoza filamu hiyo ili ajiwekee haki za vichezeo na za filamu zitakazofuata, na wenye kampuni wakamwachia kwa kudhani kuwa wamempa makapi.

Kiwanda cha Kenner kilichopewa kazi ya wanasesere hakikuwahi kuwatengeneza kabla ya Krismasi ya 1977. Kikauza bahasha ya karatasi ngumu yenye picha na cheti, na kwa cheti hicho mtoto angeletewa wanasesere wanne mwaka unaofuata. Watu walinunua ahadi. Wanasesere walifika kweli, kwa hiyo hapakuwa na udanganyifu. Lakini kitu kipya kilikuwa kimeingia duniani. Kuanzia hapo kichezeo hakikufuata hadithi tena, bali hadithi ilianza kutungwa kwa kuhesabu vichezeo, na leo mwanasesere aliyebaki katika kifurushi chake, asiyeguswa na mkono wa mtoto hata siku moja, hupita kwa bei yule aliyechezewa. Ni kweli kwamba hata katika stempu ile isiyotumika mara nyingi huwa ghali kuliko iliyotumika, na kwamba serikali nyingi, za Afrika zikiwamo, zimechapa stempu nzuri ambazo hazikukusudiwa kufika barua yoyote. Tofauti ni kwamba stempu yenye muhuri bado ina wapenzi wake, kwa kuwa muhuri ni ushahidi wa safari. Mwanasesere wa kifurushini hana safari ya kushuhudia.

Mercury alikuwa na maoni yake, au alijifanya kuwa nayo. Katika wimbo wake wa 1978 juu ya baiskeli aliitia Star Wars miongoni mwa mambo asiyoyapenda. Na mwaka 1980 akaonekana jukwaani amepanda mabega ya mtu aliyevaa mavazi ya Darth Vader. Mtunzi hafungwi na kauli ya wimbo wake, wenye kusoma mashairi ya Kiswahili wajua hayo tangu zamani.

Mwaka huo huo wa 1980 Flash Gordon mwenyewe alirudi, katika filamu iliyoongozwa na Mike Hodges, na muziki wake ulikuwa wa Queen. Wimbo mashuhuri wa filamu hiyo ni wa May. Lakini muziki wa Ming, mfalme dhalimu wa sayari ya Mongo, na ule wa Vultan, mkuu wa watu wenye mbawa, ni utungo wa Mercury. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa filamu hiyo hulipita upesi. Ming aliumbwa katika miaka ya 1930 kwa hofu ya Wamagharibi juu ya watu wa Asia: jina lake, masharubu yake, mavazi yake, vyote ni vya Mashariki ya kutunga, na katika filamu aliigizwa na Max von Sydow, Msweden. Aliyempa muziki alikuwa Mparsi aliyezaliwa katika nchi ya Sultani na kusoma India, na ambaye kwa miaka mingi hakupenda kuzungumza hadharani juu ya asili yake. Kama alicheka moyoni hakusema. Muziki wenyewe ni mzito na wa haiba, bora kuliko alivyostahili mfalme yule wa karatasi. Miaka minne baadaye aliimba pia katika toleo jipya la Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya 1927, ambayo ndiyo mama wa filamu nyingi za roboti.

Pengine msomaji atauliza kama Unguja yenyewe haikuzaa shujaa wa mfululizo. Ilimzaa. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda mashindano ya hadithi na kuchapwa mwaka 1960, akaendelea naye mpaka Kosa la Bwana Msa, 1984. Si hadithi za sayansi, ingawa Bwana Msa hufikiri kama mtu wa sayansi kati ya watu waaminio mizimu. Bwana Msa hakuwahi kuuzwa kuwa mwanasesere, naye hakupungukiwa kitu.

Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Vitu alivyovikusanya ukubwani, picha, vyombo vya kioo, kimono za Kijapani na mengineyo, viliuzwa kwa mnada na Sotheby's mwezi wa Septemba 2023, zaidi ya mafungu 1,400, vikaleta karibu pauni milioni 40. Piano yake ilifika pauni milioni 1.7. Kitana cha fedha cha kuchania masharubu, kilichokisiwa pauni 400 hadi 600, kiliuzwa kwa pauni 152,400. Aliyekinunua hakununua kitana. Alinunua bahasha ya Kenner kwa njia nyingine: ahadi ya kukaribia kitu kisichoweza kuletwa.

Kitabu cha stempu hakikuwamo katika mnada huo. Bomi Bulsara alikwisha kukiuza mwaka 1993, kikachukuliwa na makumbusho ya posta ya Uingereza, na fedha zake zikaenda katika mfuko ulioanzishwa kwa jina la mwanawe kupambana na UKIMWI. Hivyo mkusanyaji mkubwa aliuza hazina ya mkusanyaji mdogo, wala hapana aliyeijua thamani yake kumshinda yeye. Unguja, kwa upande wake, ilichelewa. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kumkumbuka ilivunjwa kwa sababu ya upinzani wa watu wa dini. Novemba 2019 nyumba moja ya Shangani ilifunguliwa kuwa makumbusho yake, na wageni huingia kutazama picha. Stempu za utoto wake wazitakao huzifuata London.

Miaka ya kukusanywa kwake ilikwisha kabla Sayyid Khalifa hajafariki. Baada ya Mapinduzi, posta ya Unguja ilijikuta tena na akiba ya stempu zenye sura isiyofaa, ikafanya kama ilivyofanywa 1895: ilizichukua zile za Sayyid Abdulla bin Khalifa na kuzigonga kwa muhuri wa mkono maneno "Jamhuri 1964". Mihuri mingine ilikaa upande, mingine ilipinduka juu chini, na wakusanyaji wakaanza kuzitafuta.